Fundi Tunamsifu, Kazi Yake Hatujaisoma

Katika hadithi zetu fundi wa pikipiki ana nafasi mbili tu. Ama ni mlevi mwenye ovaroli chafu anayewaibia wateja spea, na msomaji anachekeshwa. Ama ni kijana aliyefeli darasani lakini "ana kipaji cha ajabu", na mwisho wa hadithi mheshimiwa fulani anakuja kumpa mkono mbele ya kamera. Nimezisoma hadithi za aina zote mbili, zilizochapwa na hizi tunazopeana wenyewe kwenye kaunta buku. Zinatofautiana kwa mengi, lakini kwa jambo moja zinafanana: kile kipande cha chuma alichokitengeneza fundi hakionekani. Tunaambiwa kimetengenezwa. Tunaambiwa watu walishangaa. Basi.

Hoja yangu ni fupi. Hadithi inayomsifu fundi bila kuionyesha kazi yake imemdharau, hata kama mwandishi alikuwa na nia njema. Mlevi na mbunifu ni watu wamoja kwa mwandishi ambaye hajawahi kuchungulia chini ya tanki la pikipiki. Na kwa kuwa wengi wetu tunaoandika katika kurasa kama hizi ni vijana wa mjini, tuliolelewa katika nyua zinazonuka petroli na moshi wa kuchomelea, uvivu huu hauna udhuru.

Tuanze na kazi yenyewe, maana hakuna mhakiki wa kitabu asichokisoma.

Pikipiki kongwe zinazoingia katika nyua za Lizaboni, Bombambili au Mfaranyaki zina historia. Zipo zilizokuwa za mradi uliokwisha, zipo za bwana shamba aliyestaafu, zipo zilizonunuliwa mnadani zikiwa hazina hata plagi. Mtu anayeweza kununua mpya anakwenda dukani. Anayeleta kongwe kwa fundi wa uani ni yule mwenye chasisi nzima, injini inayosikika bado, na pesa kidogo mfukoni.

Chukua Honda CG125. Honda walianza kuitengeneza mwaka 1976, wakiwa na nchi kama zetu akilini. Wahandisi wao walijua kwamba huku pikipiki inabebeshwa kupita kiasi na oili haibadilishwi kwa wakati. Kwa hiyo badala ya injini ya kisasa yenye cheni ndogo ya kuzungusha kemu juu ya silinda, wakarudi kwenye mtindo wa zamani, wa vijiti vinavyosukuma vali kutoka chini. Injini hiyo ina silinda moja, haina makuu, inavumilia. Viwanda vya China vikaiga muundo huo, na ndiyo maana pikipiki nyingi za Kichina zilizojaza barabara zetu tangu bodaboda zishike kasi, hizi ambazo Songea tumezoea kuziita yeboyebo, zina undugu nayo. Fundi aliyejifunza kwa CG ya mradi anaifungua ya Kichina bila kuuliza njia.

Tazama jambo hilo kwa jicho la mwandishi. Mhandisi wa Japani alimwandika mtu wa mbali asiyemfahamu: mtu mwenye haraka, mwenye mzigo, asiye na pesa ya oili. Alimwandika vizuri kuliko riwaya nyingi zilivyomwandika.

Sasa mteja anataka keria. Hataki ile ya kiwandani ya kufungia begi. Anataka ya kubeba gunia la mahindi kutoka shambani, na Ruvuma ni mkoa wa mahindi, kwa hiyo hapo hakuna mzaha. Gunia ni kilo 100 hivi, uzito usiopungua sana ule wa pikipiki yenyewe. Fundi ana nondo, ana bapa mbili, ana kipande cha bomba la maji, msumeno, tupa, grinda, jiliwa lililofungwa kwenye gogo na mashine ya kuchomelea ambayo ikiwashwa taa za jirani zinafifia. Mchoro hana. Anapima kwa kiganja, kwa kamba, kwa kipande cha boksi alichokikata mfano wa pembe anayoitaka.

Mwandishi mvivu anaishia hapo: "akachomelea keria imara." Kumbe hapo ndipo hadithi inapoanza. Mzigo ukikaa nyuma sana ya ekseli ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unacheza, na kwenye mlima dereva anaendesha kitu kinachotaka kusimama wima kama mbuzi anayefikia majani ya mti. Kwa hiyo fundi anataka kuusogeza mzigo mbele. Akiusogeza mbele, abiria hana pa kukaa. Basi aurefushe ule mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, ili gurudumu lirudi nyuma kidogo na mzigo ubaki mbele ya ekseli. Sawa. Lakini mkono ukirefuka, cheni haifiki tena, aongeze pingili. Fimbo ya breki ya nyuma nayo haifiki. Atengeneze nyingine, aikunje ncha, aikate uzi wa nati. Shokapu zimebadilika mlalo. Zitalala mno au zitasimama mno. Na pikipiki ndefu haikati kona kama fupi.

Amebadili kitu kimoja, na vitu vitano vimemgeukia vikidai haki yao. Ndugu zangu waandishi, hii si ndiyo riwaya? Ukimwua baba katika sura ya pili, nani analipa ada katika sura ya tano? Katika miswada yetu baba anakufa na ada inaendelea kulipika. Cheni haikuongezwa pingili, lakini pikipiki inatembea. Fundi wa Bombambili asingeweza kukabidhi kazi ya namna hiyo, maana isingefika hata kwenye geti.

Shuleni tulifundishwa kuhakiki kwa fani na maudhui, na wengi tulikariri tu ili tufaulu. Jaribu kuihakiki ile keria kwa maneno hayohayo. Maudhui yake ni gunia: nani anabeba nini, kutoka wapi, kwa nauli gani. Fani yake ni pembe, unene wa nondo, mahali pa kuunga. Sasa niambie kama utaweza kuvitenganisha. Nondo nyembamba ni kosa la fani, lakini itakatika kwa sababu ya maudhui. Mwalimu angetumia dakika kumi kwenye ua wa fundi, darasa zima lingeelewa.

Tutoke kidogo nje, tuone wenzetu wamelichukuliaje jambo hili.

Mwaka 1974 Mmarekani Robert Pirsig alitoa kitabu kinachoitwa Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, baada ya kukataliwa na wachapishaji 121. Kinahusu safari ya pikipiki ya baba na mwanawe kutoka Minnesota kwenda California, na katikati ya safari kuna falsafa nyingi, nyingine inachosha. Nitazungumzia tukio moja tu. Rafiki anayesafiri nao ana BMW ya bei mbaya, na usukani wake unateleza, haukazi. Msimulizi anamwambia: dawa ni kukata kipande chembamba cha bati kutoka kopo la bia, kukizungushia pale usukani unaposhikiliwa, kisha kukaza. Rafiki anakasirika. Pikipiki ya fahari kama ile itiwe kopo la bia? Msimulizi anajua kwamba ile aluminiamu ni laini, inashika vizuri, na haiozi kwa kutu. Mwenzake anaona kopo tu.

Hapa kwetu ugomvi huo usingetokea. Songea nani atakataa kopo? Tunatia raba ya tairi, kipande cha ndala, waya wa uzio. Lakini tusijipongeze haraka. Rafiki wa Pirsig anadharau kopo bila kulitazama. Sisi tunalisifu bila kulitazama. Mtu anaona pikipiki ina kipande cha ndala mahali pa bushi, anasema: "Wabongo tuna ubunifu, bwana!" Ubunifu gani? Ndala inaweza kufaa pale penye mtetemo mdogo, na inaweza kumuua mtu ikiwekwa pale panaposhika gurudumu. Neno ubunifu haliwezi kutenganisha hayo mawili. Anayeweza ni mtu aliyeinama akatazama.

Pirsig anao pia ukurasa ambao ningependa kila mwandishi chipukizi ausome. Pikipiki yake iliharibika, akaipeleka gereji. Vijana wa pale walikuwa wamefungulia redio kwa sauti kubwa, wachangamfu, wepesi wa mikono, wakaifungua injini na kuifunga mara kadhaa wakizidi kuiharibu. Baadaye ikaonekana chanzo ni pini ndogo ya senti ishirini na tano iliyokatika kwenye njia ya oili. Hawakuwa wajinga. Walikuwepo kazini kwa mikono tu. Nikiusoma ukurasa ule nawaona mafundi wa aina hiyo, na naiona pia miswada yetu: mikono ipo, redio inalia, pini haijatafutwa.

Kazi ya pili ni filamu, The World's Fastest Indian, ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Roger Donaldson, na Anthony Hopkins ndiye mhusika mkuu. Indian hapo si Mhindi, ni jina la pikipiki ya Marekani. Inamhusu Burt Munro, mtu wa kweli, wa mji wa Invercargill huko New Zealand. Alinunua Indian Scout yake mwaka 1920, ikiwa na uwezo wa kukimbia kama kilomita 88 kwa saa. Akaibadilisha kwa zaidi ya miaka arobaini, bandani kwake. Hakuwa na pesa, hivyo vipande vingi alivitengeneza mwenyewe: aliyeyusha madini na kuyamimina kwenye makopo ya zamani, akapata pistoni. Kipimo chake kilikuwa spoki kuukuu. Tarehe 26 Agosti 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliikimbiza ile pikipiki kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, akaweka rekodi ya daraja la chini ya cc 1000: kilomita 295 kwa saa na ushei. Mwaka 2014 ikagundulika kuwa hesabu ya siku ile ilikosewa, rekodi ikasahihishwa na kupanda kidogo, hadi 296.

Kwetu safari ya pistoni mara nyingi ni ya kinyume. Pistoni iliyokufa inauzwa kwa kilo kama skrepa, inayeyushwa kwa mkaa na mvukuto, inamiminwa kwenye mchanga, inatoka sufuria. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi, na moto wa mkaa unaopulizwa vizuri unafika hapo bila taabu. Kwa hiyo ule muujiza wa Invercargill, nusu yake unafanyika nyuma ya soko. Tofauti ni kwamba sufuria ikiwa na tundu unaliziba. Pistoni ikiwa na kipovu cha hewa ndani, inapasuka ikiwa kwenye mwendo na kuondoka na silinda.

Filamu inalijua hilo, na ndiyo sifa yake. Munro anafeli mara nyingi. Pistoni zilizoharibika zimepangwa kwenye shelfu bandani, kama sadaka kwa mungu wa mwendo kasi, na Munro wa kweli alikuwa na shelfu ya namna hiyo. Mtazamaji anaiona kazi: moto, kopo, tupa, kosa, kopo tena. Hapo nampa Donaldson maksi zote.

Lakini ina dosari, na dosari hiyo ndiyo ugonjwa wetu sisi wenyewe. Munro alikwenda Bonneville mara kumi, na rekodi zake ni za 1962, 1966 na 1967. Filamu inaibana miaka hiyo yote ndani ya safari moja. Mzee anafika, wakaguzi wanamwambia pikipiki yake haina breki za maana wala parachuti, watu wazuri wanamwonea huruma, anaruhusiwa, anashinda, muziki. Mkaguzi amekuwa adui mpole wa kulainishwa kwa utu. Hapo filamu inaacha kukitazama chuma, inaanza kuitazama sura ya Hopkins. Mkaguzi alikuwa na swali la haki: kitasimamaje? Swali la namna hiyo halijibiwi kwa machozi. Munro halisi alilijibu kwa kurudi nyumbani na kuja tena mwaka mwingine na kipande kingine. Miaka ile iliyofutwa ndiyo ilikuwa jibu.

Tukirudi kwa Waswahili wenzetu, sitasema hatuna kitu. Shafi Adam Shafi, katika Kuli ya mwaka 1979, aliingia bandarini Zanzibar na kuwaweka wapagazi katikati ya riwaya, mpaka kwenye mgomo wa 1948. Ukimaliza kile kitabu unajua kwamba mgomo haukutoka kwenye hotuba, ulitoka mgongoni. Na Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyeandika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945 na kusubiri mpaka 1980 ndipo toleo lake la Kiswahili litoke, ana kitu ambacho vijana tunakidharau: subira. Akitaka kuonyesha jinsi jambo la nyumbani linavyofanywa, anakaa nalo hatua kwa hatua. Wapo wanaosema anachosha. Mimi nasema anamheshimu mfanyaji.

Kwa upande wa hadithi za upelelezi, zile tulizozisoma chini ya dawati mpaka jalada likanyofoka, mashine ni jina na mwendo. Gari linatajwa, linaunguruma, linafukuza, linapinduka. Haliishiwi breki ila mwandishi akihitaji kumwua mtu. Nilizipenda na bado nazipenda. Ila zilitufundisha tabia mbaya: kufikiri kwamba ukishataja aina ya gari umeshalieleza.

Nina mfano mmoja wa nyumbani kabisa. Edward Saidi Tingatinga, yule ambaye jina lake sasa ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, alikuwa mtoto wa Tunduru, mkoa wetu huu. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki 1972. Alichorea rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Simulizi linalopendwa ni hili: maskini hakuwa na rangi ya wasanii, akatumia ya baiskeli, tazameni kipaji! Lile lile la kopo. Ukiitazama rangi yenyewe unapata simulizi lingine. Rangi ya baiskeli inang'aa, ni nzito, imetengenezwa ili ishike kwenye chuma na ionekane kwa mbali. Inapenda eneo pana la rangi moja na mstari uliokatwa wazi. Ukimtazama chui wa Tingatinga unaona amekubaliana na kopo lake la rangi, hakulilazimisha lifanye kisichowezekana. Huo ni uamuzi wa mchoraji, na umaskini peke yake haumfundishi mtu kuamua hivyo.

Najua kuna mtu kijiweni atasema: "We jamaa, msomaji anataka mapenzi na vituko, hataki bolti na nati." Hoja hii ni ya kweli kwa nusu. Msomaji hataki kitabu cha maelekezo. Sisemi tuandike namna ya kuchomelea keria. Nasema tuandike mtu anayechomelea keria, na keria iwepo. Tazama mifano miwili, nimeitunga mwenyewe ili nisimwonee mtu.

Wa kwanza: "Juma alikuwa fundi hodari sana. Alichukua vyuma akavichomelea kwa ustadi mkubwa, pikipiki ikawa kama mpya. Watu wote wakastaajabu."

Wa pili: "Juma aliunga upande wa kushoto, akasubiri upoe. Ulipopoa akaona chuma kimevuta. Keria imeinamia upande kama mtu anayesikiliza umbeya. Mwenye pikipiki alikuwa amekaa kwenye ndoo, ameshika pesa ya vijiti vitano vya kuchomelea. Vitatu vilikuwa vimekwisha. Juma akaitazama nyundo."

Katika mfano wa kwanza hakuna cha kuuliza. Katika wa pili tunajua kwamba chuma kikipata moto kinajivuta, na hatukufundishwa, tumeona. Tunajua hali ya mwenye pikipiki bila kuambiwa ni maskini. Na nyundo pale ni swali la tabia: Juma ataikata aanze upya kwa hasara yake, au ataigonga inyooke kwa macho, akabidhi, achukue hela? Atakachofanya kitatuambia yeye ni nani kuliko kurasa kumi za "alikuwa na roho nzuri". Mapenzi na vituko unavyovitaka vitakuja, na vikija vitamkuta mtu aliyesimama mahali.

Na swali la nyundo si la kubuni. Chuma kilichochomelewa mara nyingi hakikatiki kwenye mshono wenyewe. Kinakatika pembeni ya mshono, pale palipopata moto mkali bila kuyeyuka, pakabadilika tabia. Ufa unaanza mwembamba kama unywele, umejificha chini ya rangi mpya inayong'aa. Leo hauonekani, kesho hauonekani. Siku moja, kwenye mteremko wa kwenda Mbamba Bay, na gunia likiwa nyuma na mama mwenye mtoto katikati, ndipo unajitokeza. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inakataza chombo kibovu barabarani, lakini trafiki hana macho ya kuona chini ya rangi. Anayejua kwamba pale palipigwa nyundo ni mtu mmoja tu.

Ndiyo maana sifa za jumla kwa mafundi zinanikera, na ndiyo maana naziona kuwa hatari. Tukisema kila kinachotengenezwa uani ni ubunifu, tumemweka katika kapu moja fundi aliyeikata keria akaanza upya na fundi aliyeipaka rangi. Wa kwanza amepoteza vijiti vitatu na nusu siku. Hakuna aliyemwona. Kama hadithi haitamwona, nani atamwona? Na yule wa pili tukimsifu kwa neno lilelile, tumemwambia kwamba nyundo inatosha.

Kuna jambo lingine linalotuhusu zaidi. Wengi wetu tunaoandika hapa na wengi wa wanaochomelea kule tulimaliza kidato cha nne mwaka mmoja, tukarudi nyumbani na matokeo ya kuficha. Wao walikwenda kushika tupa, sisi tukashika kalamu. Wote tunatengeneza vitu nyumbani bila cheti. Ila wao wana mhakiki asiyehongeka, naye ni barabara. Keria ikitoka uani saa nne, kufikia saa kumi imeshahakikiwa. Sisi hadithi yetu tunampa rafiki, rafiki anasema "kali sana", tunaenda kulala. Hakuna kilichobebwa, kwa hiyo hakuna kilichokatika. Gazeti dogo kama hili likiwa na kazi yoyote, basi ni kuwa barabara yetu. Tukilifanya kuwa mahali pa kupigana pambaja, tutazeeka tukiwa "chipukizi".

Kwa hiyo, wewe unayepanga kuleta hadithi ya fundi katika toleo lijalo, nina ombi. Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, nenda ukakae kwenye ndoo ya fundi mmoja, asubuhi moja nzima, usimsumbue. Chagua kipande kimoja tu anachokitengeneza. Uliza kilikuwa nini kabla: nondo ya nyumba ya nani, bomba la wapi. Uliza kitabeba nini, na nani atakaa juu yake. Uliza kikikatika kitakatikia wapi. Fundi mzuri atakuonyesha kwa kidole bila kufikiri. Asipojua, au akikwambia "hiki hakikatiki", basi nalo liandike, kwa kuwa hapo umepata mhusika wa aina nyingine.

Ukishamaliza, isome hadithi yako kwa maswali hayohayo matatu. Kisha ilete. Tutaipakia gunia.